Usigonge Nyundo Mapema

Mara ya kwanza kuongoza mjadala wa kisa darasani, niliuharibu ndani ya dakika kumi. Siongezi chumvi. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu.

Lilikuwa somo la sheria kwa wanafunzi wa biashara, mwaka wa pili, Alhamisi saa nane mchana, ile saa ambayo chapati madondo imeshatulia tumboni na kope zimeanza kuwa nzito. Mimi ni wakili, na wakati huo nilikuwa mhadhiri wa muda. Nilikuwa nimechoka kusomea silaidi watu sitini walioinamia simu. Nikajiambia, leo tuchangamke. Nikawagawia kurasa mbili kuhusu kesi ya mazishi ya S.M. Otieno ya mwaka wa 1987, nikawapa muda wasome, kisha nikauliza swali nililodhani ni tamu: "Haya, nani alikuwa na haki ya kumzika? Mjane au ukoo?"

Mkono wa kwanza ukapanda. "Madam, hiyo si iko wazi? Mke ndiye alikuwa anaishi naye."

Kabla sijasema neno, sauti kutoka upande wa dirishani: "Wewe unasema hivyo juu ni wa kwenu."

Watu wakacheka. Baada ya muda kicheko kikaisha, zikabaki kelele. Ungeweza kukisia jina la ukoo la kila msemaji kabla hajafungua mdomo, na mara nyingi ungepatia. Mtu akatoa mzaha kuhusu bili ya mochari. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akachukua begi lake akatoka. Nikadhani amechoshwa na somo. Nikaendelea kupiga meza nikitafuta utulivu, mpaka kipindi kikaisha na kila mtu akaondoka na msimamo aliokuja nao, ila sasa umeongezewa hasira.

Wiki iliyofuata yule msichana alinisubiri nje ya mlango. Baba yake alikuwa mochari kwa wiki ya tatu, nyumba mbili zikivutana kuhusu atakapolazwa. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Sikukasirika, Madam. Lakini mlibishana karibu saa nzima juu ya huyo mtu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza alikuwa mtu wa aina gani."

Niliporudi nyumbani siku hiyo nilianza kutafuta: huu mtindo wa kufundisha kwa visa ulitoka wapi, na wale waliouanzisha walikuwa wanafanya nini ambacho mimi sikufanya?

*

Hadithi inaanzia Cambridge, Massachusetts, mwaka wa 1870. Harvard ilikuwa imemwajiri wakili wa New York, Christopher Columbus Langdell, na mwaka huohuo akawa mkuu wa shule ya sheria. Kabla yake, kusoma sheria kulikuwa kuketi na kusikiliza. Profesa anaeleza kanuni kutoka kitabuni, mwanafunzi anaandika, anakariri, anarudisha alichopewa. Ukisoma hapo usishangae ukikumbuka shule yako mwenyewe.

Langdell aliingia darasani bila hotuba. Alikuwa amekusanya hukumu za kesi halisi, na mwaka wa 1871 mkusanyo wake wa kesi za mikataba ukatoka kama kitabu. Kesi ya kwanza humo ni Payne dhidi ya Cave, ya Uingereza, mwaka wa 1789. Ni kisa kidogo cha mnada. Mtu anataja bei ya pauni 40, kisha kabla dalali hajagonga nyundo, anabadili nia na kuondoa bei yake. Je, amefungwa na neno lake? Mahakama ikasema la. Kutaja bei ni kuomba tu, na ombi halijakubaliwa mpaka nyundo igonge. Kabla ya hapo, mtu ana ruhusa ya kubadili mawazo.

Langdell alimwita mwanafunzi kwa jina na kumtaka aeleze mambo yalivyotokea. Hakumwuliza kanuni wala maoni yake. Alitaka kwanza kujua nini kilitokea, nani alifanya nini, kwa mpangilio gani. Baada ya hapo ndipo alipouliza mawakili walidai nini, na mwishoni kabisa, wewe mwenyewe unaonaje?

Wanafunzi wengi walichukia. Walikuwa wamelipa karo wasikie profesa anajua nini, na profesa anawauliza wao! Darasa likapungua hadi kikabaki kikundi kidogo cha waaminifu. Mmoja wa wanafunzi wa enzi hizo za mwanzo, James Barr Ames, baadaye alifundisha kwa mtindo huohuo na mwaka wa 1895 akawa mkuu wa shule yenyewe. Taratibu, shule nyingi za sheria za Marekani zikaufuata.

Mtindo huo ulikuwa na kasoro zake. Langdell aliamini kwamba sheria ni sayansi na maktaba ndiyo maabara yake, kwa hiyo maswali yake yalikuwa na jibu lililokuwa likisubiri mwisho wa njia. Na kumwita mtu ghafla mbele ya wenzake kuligeuka, mikononi mwa walimu wakali, kuwa njia ya kumwaibisha. Mwanafunzi aliyesimama akitetemeka hafikiri. Anatafuta tu mlango wa kutokea.

Hata hivyo, nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikacheka peke yangu. Mtu huyu wa karne ya kumi na tisa, pamoja na ukali wake wote, alijua kitu kimoja ambacho mimi sikujua. Mimi niliuliza la mwisho kwanza. Niligonga nyundo kabla mnada haujaanza, kisha nikashangaa kwa nini hakuna aliyebadili bei yake.

*

Mwaka wa 1908 Harvard ilifungua shule ya biashara. Mkuu wake wa kwanza, Edwin Gay, alitaka wanafunzi wafunzwe kwa matatizo ya kweli, lakini hayakuwepo mahali pa kuyachukua. Wanasheria walikuwa na karne nzima za hukumu zilizochapishwa. Wenye viwanda hawachapishi makosa yao.

Mwaka wa 1919 akaingia mkuu mwingine, Wallace Donham, ambaye kabla ya kazi ya benki alikuwa amesomea sheria hapohapo Harvard, kwenye mtindo wa Langdell. Akamsukuma Melvin Copeland, na mwaka wa 1920 Copeland akachapisha kitabu cha matatizo ya masoko. Watafiti wakatumwa kwenye kampuni kukusanya visa. Mwaka wa 1921 kikaandikwa kisa kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake, cha General Shoe Company. Kilikuwa kifupi sana, kuhusu kiwanda ambamo wafanyakazi walizoea kuacha kazi kabla ya muda. Tatizo ni nini hasa, na meneja afanye nini?

Hapo mtindo ulibadilika kwa namna ambayo mtu anaweza kuipita bila kuiona. Kesi ya mahakama huja na hukumu. Kisa cha biashara hukuacha pale meneja anapoketi, karatasi mbele yake, na hajaamua. Hakuna ukurasa wa mwisho wa kuchungulia. Kwa hiyo swali halikuwa tena "jaji alisema nini" bali "ungekuwa wewe, kesho asubuhi ungefanya nini?"

Hata majengo yakafuata. Mwaka wa 1953 ilifunguliwa Aldrich Hall, yenye madarasa ya viti vilivyopinda kama kwato ya farasi, kusudi wanafunzi waonane nyuso na wala wasimtazame mwalimu peke yake. Na katika miongo iliyofuata profesa mmoja wa hapo, C. Roland Christensen, akaifanya kazi yake kubwa kuwafunza walimu wenyewe namna ya kuongoza mjadala: kuandaa swali la kufungua, kusikiliza jibu mpaka mwisho, kuamua swali linalofuata liende kwa nani. Alichukulia kuuliza, kusikiliza na kuitikia kuwa ufundi unaofunzwa kama mwingine wowote. Mimi nilikuwa nimedhani ni kipaji, ama unacho ama huna.

Madaktari nao wakaja na wao. Mwaka wa 1969 chuo cha McMaster huko Kanada kilianza kufundisha udaktari kwa vikundi vidogo vinavyopewa tatizo la mgonjwa kwanza, elimu ikitafutwa baadaye. Mwalimu wa kikundi kazi yake kubwa ni kujizuia. Anajua jibu, anaona kikundi kinapotea, na bado anauliza tu, "Mna ushahidi gani?" Mtindo huo ulifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, iliyoanza kupokea wanafunzi takriban mwaka wa 1990, ilijengwa juu ya mafunzo ya kutatua matatizo na ya kwenda kukaa na jamii. Kwa hivyo mtu akikwambia mambo haya ni ya wazungu wenye madarasa ya zulia, mwelekeze Eldoret.

*

Upande wa sheria, Afrika Mashariki ilipata kitivo chake cha kwanza Dar es Salaam mwaka wa 1961, na Nairobi ikafuata mwaka wa 1970. Visa vingi vilivyosomwa vilikuwa vya Uingereza. Hadi leo, mwulize wakili yeyote wa Kenya kuhusu konokono na atakusimulia: mama mmoja wa Scotland, mwaka wa 1928, alikunywa kinywaji cha tangawizi kwenye mkahawa mjini Paisley, na inadaiwa ndani ya chupa mkatoka mabaki ya konokono. Hukumu ya 1932 ndiyo msingi wa wajibu wa mtengenezaji bidhaa kwa mlaji. Kisa kizuri. Nimekipenda tangu mwaka wa kwanza. Lakini hakuna darasa la Nairobi litakalogawanyika kwa sababu ya konokono.

Kesi ya S.M. Otieno inagawanya kwa sababu ni yetu. Silvano Melea Otieno, wakili maarufu wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, wa ukoo wa Waiyaki na mpigania uhuru, alitaka kumzika Ngong, kwenye shamba lao la Matasia. Ukoo wa Umira Kager, pamoja na kaka yake Joash Ochieng' Ougo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Kesi ikapanda na kushuka mahakamani, magazeti yakiuzwa kama njugu, na mwili ukabaki mochari miezi mitano.

Katika kusoma upya ushahidi wa kesi hiyo ndipo nilipokutana na shahidi niliyekuwa nimempita zamani. Miongoni mwa waliosimama upande wa ukoo alikuwa Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyu ndiye aliyezunguka vijijini akizungumza na wazee wenye hekima, kazi ambayo baadaye aliiita falsafa ya wahenga. Aliwatenganisha wazee aina mbili. Kuna anayejua mila na kuisimulia vizuri. Na kuna ambaye, ukimwuliza kwa nini, anaweza kusimama kando ya mila hiyo, akaipima, hata akaikosoa. Ili kumjua wa pili lazima umsukume kwa maswali. Mzee akisema "ndivyo tunavyofanya", unauliza, "Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Manze, nilikuwa nimetafuta hadi Massachusetts, kumbe mwalimu mwingine wa mambo haya alifundisha pale Nairobi. Na wala si yeye tu. Baraza lolote la wazee linaloendeshwa sawasawa huanza na "tueleze ilivyokuwa", kila upande, bila kukatizwa. Tulipokuwa watoto, mtu hakurusha jibu la kitendawili kabla ya kutegwa. Lazima kwanza useme "tega", yaani nimenyamaza, nakusikiliza.

*

Muhula uliofuata nilikuwa na darasa lilelile kwa somo jingine. Nikaamua kurudia. Kabla ya hapo nilimtafuta yule msichana nikamwambia ninachopanga, na kwamba ana ruhusa kamili ya kutokuja. Akafikiri. "Nitakuja," akasema. "Nataka kuona."

Safari hii niliandaa hivi. Nilikata kisa vipande viwili. Ukurasa wa kwanza ulikomea kabla ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa Februari 1987. Ukurasa wa pili ulibaki kwenye mkoba wangu. Tulisukuma viti tukaviweka nusu duara, japo vingine vilikuwa vimeunganishwa na tukaviacha.

Kwanza niliwapa vikaratasi waandike kwa siri wangeamua vipi, bila jina. Nikavikusanya, sikuvisoma. Kisha dakika ishirini nzima hakuna maoni. Nilichora safu tatu ubaoni: yanayokubaliwa na pande zote, yanayobishaniwa, na tusiyoyajua. Swali la kufungua lilikuwa la yule msichana: "Huyu S.M. alikuwa mtu wa aina gani?"

Darasa likanyamaza. Zamani ningejaza ukimya huo kwa sauti yangu. Sasa nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Nilipofika nane mtu akasema: alikuwa wakili. Mwingine: alipenda Shakespeare. Mwingine: walifunga ndoa 1963. Mwingine akasema hakuacha wosia wa maandishi kuhusu kaburi lake, mke anasema aliambiwa kwa mdomo, na mashahidi wa ukoo, akiwemo mchimba makaburi, wanasema waliambiwa kinyume. Ikaenda safu ya pili. Polepole ubao ukajaa, na kwa mara ya kwanza marehemu akawa mtu.

Halafu nikapitisha kofia yenye majina: mjane, kaka, watoto, wazee wa ukoo, majaji. Kila mtu akachota. Yule kijana aliyesema mambo "yako wazi" akachota kaka. Aliyemjibu kutoka dirishani akachota mjane. Kanuni ilikuwa moja: kabla hujampinga mtu, rudia hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, hapo umenipata." Ilichukua muda. Kijana wa dirishani alirudia hoja mara tatu na mara tatu akaambiwa hapana. Mara ya nne alisimama kidogo, akasema taratibu, "Kumbe mnaogopa mkimwacha huko, nyinyi ndio mtaonekana mlimtupa." Kaka akaitikia: "Ndiyo. Hapo umenipata."

Nilikuwa nimeshika karatasi yenye mpangilio wa viti, nikiweka alama kila mtu anapozungumza. Kufikia nusu ya kipindi niliona alama zote zimerundikana mbele, na karibu zote ni za wavulana. Nisingeliona hilo bila karatasi. Sikumwita mtu ghafla. Niliwapa dakika mbili wazungumze wawili wawili, kisha nikaomba wale ambao hawajasema watuletee walichosikia kwa mwenzao. Ni rahisi zaidi kuanza na neno la mwingine.

Ndipo nikatoa ukurasa wa pili. Mahakama ya Rufaa, Mei 1987: sheria ya mila ya Waluo ndiyo inayotawala mazishi yake, na maisha ya kisasa ya mjini hayamvui mtu mila aliyozaliwa nayo. Tarehe 23 Mei 1987 S.M. akazikwa Nyalgunga, mkewe hakuhudhuria. Wengine wakashangilia, wengine wakaguna, lakini hakuna aliyetukanwa. Nikauliza: Katiba ya 2010 inasema mila inayopingana nayo ni batili, na inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Kesi hii ikija leo, safu gani ubaoni inabadilika? Tukabishana hapo hadi karibu na mwisho.

"Madam, na wewe ungeamua vipi?" mtu akauliza. Nina maoni, tena makali. Lakini nikisema, wote wataandika nilichosema na kuacha walichokuwa wanafikiri. Nikawaambia watapata jibu langu baada ya mtihani. Wakalalamika, wakapiga kura ya pili.

Kura zilihama. Si nyingi. Lakini zilihama pande zote mbili, na baadhi ya vikaratasi vya pili vilikuwa na kitu ambacho vya kwanza havikuwa nacho: sababu.

Zilibaki dakika tano. Yule msichana, ambaye hakuwa amesema neno siku nzima, akainua mkono. Baba yake alikuwa ameshazikwa. Wapi, sikuwahi kumwuliza.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Kati yetu hapa, nani amewahi kumwuliza mzazi wake anataka kuzikwa wapi?"

Mikono miwili ikapanda. Yangu haikuwemo. Sikuongeza lolote la kufunga kipindi, maana kilikuwa kimeshafungwa.

Jioni hiyo nilimpigia mama. Nikazunguka weee, habari za mvua, habari za ng'ombe, mwisho nikauliza.

"Kwani," akasema, "mna haraka gani na mimi?"

Tukacheka. Nikanyamaza, nikaanza kuhesabu moyoni. Sikufika hata tano.

"Haya, sikiza," mama akasema. "Na uandike."